Stata inazungusha, gari haliwaki

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu huku Mambrui. Marehemu baba aliniachia Toyota Corolla 100 ya mwaka 1994, injini ya 5A-FE. Limetufaa sana mpaka mvua za Mei zilipoanza. Kwanza likawa linasumbua alfajiri tu. Saa saba mchana jua likishachoma, linawaka kama halina neno. Sasa ni wiki ya pili haliwaki kabisa. Stata inazungusha vizuri. Mara nyingine linakohoa mara moja pale ninapoachia ufunguo, kisha kimya. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Wa pili akaweka pampu mpya ya mafuta. Wa tatu anasema kompyuta imekufa, nikatafute nyingine Mombasa. Mshahara umekwisha na gari bado liko chini ya mwembe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole. Hiyo kompyuta usiinunue.

Gari lako sijaliona, na fundi anayetaja ugonjwa kwa kusoma barua tu anapiga ramli. Lakini umeandika mambo mawili ambayo nadhani mafundi wote watatu hawakukuuliza, au uliwaambia wakayapita. La kwanza, ugonjwa ulipoanza, alfajiri lilikuwa linakataa na mchana linakubali. La pili, linakohoa ukiachia ufunguo. Mimi ningekaa na hayo mawili kabla sijashika spana. Pampu iliyokufa haifufuki kwa sababu jua limetoka. Kinachoondoka jua likitoka ni unyevu. Na kinachobadilika unapoachia ufunguo ni umeme: stata inaacha kuunyonya. Kwa hiyo mkono wangu ungeanzia kwenye distributa, yaani kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi, na kwenye waya za betri, wala si kwenye tangi.

Hata hivyo tusiruke hatua. Injini ya petroli inataka hewa, petroli, moto wa plagi na mgandamizo ndani ya silinda, tena kila kimoja kwa wakati wake. Stata kuzungusha kunakwambia tu kwamba betri ina uhai na injini haijakwama. Katika hayo manne, hewa ni nadra kukosekana, labda panya awe amejenga kiota ndani ya boksi la filta, na kwa gari lililolala wiki mbili chini ya mti hilo si la kucheka. Fungua boksi utazame, dakika moja imekwisha. Kazi yote iliyobaki ni kujua kipi hakipo: moto au petroli? Fundi anayenunua kifaa kabla ya kujibu swali hilo anatumia pesa zako kubahatisha.

Anza na swali la aibu. Petroli imo? Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Zamani niliwahi kulishusha kabureta la Peugeot 504 ya mzee mmoja wa Shela, hapa Malindi, nikalitandaza vipande vipande juu ya gunia, jeti moja moja nikizipuliza kwa mdomo. Mshale wa mafuta ulikuwa unasema nusu tangi. Mjukuu wa mzee, mtoto wa miaka minane hivi, akasimama kunitazama, halafu akaniuliza, "Ami, kwani petroli imo?" Nikamcheka. Haikuwamo hata kijiko. Boya la geji lilikuwa limeng'ang'ana na kutu. Tangu siku hiyo natia lita mbili kwanza, ndipo nafungua boneti. Na lita hizo mbili zitoke kituo cha mafuta, zisitoke kwenye chupa za kando ya njia. Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya magari, lakini chupa ile hujui imepita mikono ya nani.

Sasa ingia ndani ya gari, fungua swichi bila kupiga stata, utazame dashibodi. Ile taa ya manjano yenye picha ya injini inawaka? Swali hili mafundi wengi hawaliulizi, na linajibu mengi. Ikiwaka, kompyuta inapata umeme, na kwa kiasi hicho iko hai. Isipowaka kabisa, kwanza hakikisha balbu yake haijaungua, kisha tazama fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza petroli kwa umeme) na rilei kuu ya EFI, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Chomoa fyuzi uitazame miguu, usitazame waya wa ndani peke yake. Nimeona fyuzi nzima kabisa imesimama juu ya miguu yenye unga wa kijani, umeme haupiti. Huko kwenu karibu na bahari, kusi likivuma kutoka baharini, unga huo unaota kama ukungu kwenye mkate. Wanaoendesha magari kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni wanaujua vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo, betri. Unasema stata inazungusha vizuri, nami nakubali, lakini "vizuri" ya sikio na "vizuri" ya mita ni vitu viwili. Azima mita ya umeme. Betri nzima iliyotulia ni volti 12.6 hivi. Mtu apige stata huku wewe unatazama: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri ni dhaifu au inabebeshwa mzigo usio wake. Halafu fanya kipimo ambacho ndicho ninachokitaka hasa. Mguu mmoja wa mita uweke juu ya nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe, si kile kibano. Mguu wa pili uuguse kwenye chuma kisafi cha injini. Piga stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha injini na bodi, ni mbovu, umeme unapotelea njiani.

Na hapo ndipo kile kikohozi kinapopata maelezo. Stata ikizunguka inakula umeme mwingi kuliko kitu chochote ndani ya gari. Ethi ikiwa imeliwa na kutu, volti zinazobaki kwa ajili ya koili (inayokuza umeme wa plagi) na kompyuta ni chache, na moto wa plagi unakuwa hafifu au hautoki kabisa. Ukiachia ufunguo, stata inaachia, volti zinaruka juu ghafla, na injini bado ina mzunguko mmoja au miwili ya mwendo iliyoupata. Plagi moja inapata moto wa kweli. Koho! Halafu injini inasimama. Inawezekana pia swichi ya ufunguo yenyewe imechakaa, ikikata umeme wa koili pale unapoizungusha mpaka mwisho. Hilo linajulikana kwa kushika testa, ile ya taa, kwenye fyuzi ya IGN (ya umeme wa moto) wakati stata inapigwa. Testa ikizima kwenye stata na kuwaka ukiachia, umemkamata mwizi.

Ethi zisafishe hata kama mita haikulalamika. Ondoa kibano cha hasi kwanza, na wakati wa kurudisha kiwe cha mwisho. Maji ya moto yenye magadi yanakula ule unga mweupe wa betri yenyewe kwa yenyewe. Kisha fuata waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Usipake grisi kabla ya kufunga ukadhani unakinga kutu. Chuma na chuma vigusane kwanza. Ukikunja waya ukasikia unalia kama mchanga chini ya plastiki, ndani umekwisha. Ukate, uweke mwingine.

Tuje kwenye moto. Chukua moja ya zile plagi za zamani alizotoa fundi wa kwanza. Natumaini hakuondoka nazo. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi hiyo ya zamani, kisha ifunge plagi kwa waya wa shaba ili mwili wake ushikane na chuma cha injini. Usiishike kwa mkono. Umeme wa plagi ni makumi ya maelfu ya volti. Kwa mtu mzima ni kofi la nguvu, kwa mwenye ugonjwa wa moyo au kifaa cha moyo ni hatari ya kweli. Pasiwe na petroli iliyomwagika hapo karibu. Mtu apige stata, wewe kaa kivulini utazame. Moto mzuri ni wa buluu, mnene, unasikika ukidata: ta, ta, ta. Moto wa rangi ya chungwa, mwembamba, unaokuja na kupotea, ni ule wa volti chache au wa koili iliyochoka. Kama hakuna kitu, umejua ugonjwa uko upande gani, na ile pampu mpya haikuwa na kosa wala msaada.

Moto ukiwa hakuna au ni hafifu, fungua kofia ya distributa. Usichomoe waya za plagi kutoka kwenye kofia, iondoe pamoja na waya zake, ili usije ukazichanganya. Igeuze uitazame ndani, penye mwanga wa kutosha. Alfajiri utaona umande: vitone vidogo kama jasho kwenye pua. Maji peke yake ni nusu ya tatizo. Yakichanganyika na chumvi na vumbi la kaboni yanapitisha umeme, na moto uliotakiwa uende kwenye plagi unatambaa pembeni mpaka kwenye chuma. Ukipita mara nyingi unaunguza njia yake, na njia hiyo utaiona kama mstari mweusi mwembamba, mithili ya unywele ulionaswa kwenye plastiki. Kofia yenye mstari huo haitibiki. Usikubali kuchubuliwa na wembe. Nunua nyingine, pamoja na rota, kile kipande kinachozunguka chini yake. Tazama pia kile kijiti cha kaboni cha katikati, kisukume kwa kidole: kinatakiwa kirudi chenyewe. Zile nguzo nne za pembeni zikiwa na unga mweupe au wa kijani, zikwangue taratibu. Na kama ndani mmelowa mafuta ya injini, basi sili ya distributa imekwisha. Ni kazi ndogo kwa fundi.

Kama kofia ni nzima ila imelowa, ifute kwa kitambaa safi, ianike juani saa moja, au tumia kikausha nywele cha jirani. Kisha jaribu. Likiwaka kwa hilo tu, umepata jibu, lakini usisherehekee mno, kwa sababu unyevu uliingia mahali na utaingia tena. Tazama ile gasketi ya mpira inayozunguka mdomo wa kofia. Kwenye magari ya umri huo mara nyingi imekauka kama ganda la ndizi, au fundi mmoja aliyepita aliitupa tu.

Waya za plagi nazo zipime: kwa Toyota hizi ukinzani wa kila waya usizidi kiloomu 25. Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi ya mita, cha usiku. Ngoja giza liingie sawasawa, zima taa za nje, fungua boneti, mtu apige stata. Waya zinazovuja utaziona zenyewe: vimulimuli vya buluu vinarukaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma. Ukiona hivyo huhitaji kuuliza mtu.

Halafu hakikisha fundi wa plagi hakukuachia ugonjwa wa pili. Injini yako inawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, silinda namba moja ikiwa upande wa mkanda wa taimingi. Waya mbili zikibadilishana mahali, gari linapiga mlipuko kwenye njia ya hewa au kwenye bomba la moshi na haliwaki ng'o, hata kama kila kifaa ni kizima. Gari likiwa na ugonjwa mmoja likapita mikono mitatu, huwa nahesabu kwamba sasa lina magonjwa mawili mpaka nithibitishe vinginevyo.

Kofia ikiwa wazi, mwombe mtu apige stata nukta moja uitazame rota. Inazunguka? Rota inaendeshwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na kamshafti inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Rota ikisimama huku stata inazungusha, mkanda umekatika. Mara nyingi sikio nalo linakwambia: injini yenye mgandamizo inazunguka kwa kupanda na kushuka, na ile iliyokatika mkanda inazunguka mfululizo, nyepesi, kama cherehani isiyo na kitambaa. Ukikuta hivyo usilie sana. Kwenye 5A-FE valvu na pistoni hazigongani mkanda ukikatika, kwa hiyo ni kuweka mkanda mpya na kupanga alama. Kwa gari lako nadhani siyo, maana mkanda haukatiki alfajiri ukaunganika mchana, lakini ulize mara ya mwisho ulibadilishwa lini. Kila kilomita 100,000 ndio muda wake.

Kama moto ni mzuri, ndipo tuseme petroli. Piga stata sekunde kumi, kisha toa plagi moja uitazame. Imelowa chepechepe na inanuka? Petroli inafika, tena pengine imezidi. Toa plagi zote, zikaushe, acha matundu wazi nusu saa, rudisha, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku ukipiga stata. Imekauka kau? Petroli haifiki. Usitegemee kusikia pampu ikilia ukifungua swichi tu; Toyota nyingi za wakati ule pampu yake hungoja mpaka injini izunguke. Fungua kile kiboksi kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS, kifuniko chake kina majina ya matundu. Unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, fungua swichi. Pampu italia kule nyuma chini ya kiti. Soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka, tundu lisilo lake linaunguza vitu. Ikilia hapo na kukataa wakati wa stata, tatizo ni rilei ya pampu au amri inayoiwasha. Isipolia kabisa, rudi kwa fundi wa pili umwulize aliifungaje plagi ya umeme ya pampu yake.

Yule atakayekwambia umimine petroli kwenye njia ya hewa ili kulijaribu, mwambie hapana. Najua inafanywa kila siku. Injini ikipiga mlipuko wa nyuma, mwali unatokea pale pale uso wako ulipo.

Kiboksi hicho hicho cha DIAGNOSIS kitatueleza habari za kompyuta. Piga stata kwanza sekunde chache, halafu, bila kuondoa betri, unganisha TE1 na E1, fungua swichi, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna hitilafu iliyoandikwa. Ikipepesa mara moja, ikatulia, kisha mara mbili, hiyo ni 12. Moja kisha tatu ni 13. Zote mbili zinasema kompyuta haioni injini ikizunguka, na anayetakiwa kuiambia ni sensa iliyo ndani ya distributa. Moja kisha nne ni 14, kompyuta haipati jibu kutoka upande wa moto. Unaona tunarudi pale pale. Plagi ya waya inayoingia kwenye distributa ichomoe uitazame miguu kama ulivyotazama fyuzi. Kompyuta inayoweza kupepesa na kujieleza hivyo si maiti. Huwa zinakufa, sikatai, lakini kwa gari moja la kompyuta iliyokufa kweli mimi nimepata mengi ya waya zilizooza, na ile utakayoiokota Mombasa lazima namba zake ziwe sawa na yako au hutapata kitu.

Kitu kimoja zaidi, kwa kuwa gari lilikuwa la marehemu. Je, liliwahi kufungwa alamu, au swichi ya siri ya kuzuia wezi? Vifaa hivyo hukata waya wa pampu au wa koili na kuuunganisha kwa mkanda wa gundi chini ya dashibodi, na miaka ishirini baadaye ule mkanda unaachia. Chungulia chini ya usukani na tochi. Ukiona waya za rangi isiyofanana na nyingine, ulize wakubwa nyumbani.

Ningekuwa wewe ningefanya kesho alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu ndipo ugonjwa ulipoanzia na ndipo unyevu unaonekana: taa ya manjano, mita kwenye ethi, kisha kofia ya distributa. Mchana unyevu unakauka na fundi anakwambia hakuna kitu. Niandikie ulichokiona, hasa rangi ya moto na namba ya taa. Na ile pampu ya zamani aliyoitoa fundi wa pili, mwombe akurudishie. Huenda ni nzima.